Kabla hujamwaga oili ya difu, legeza kwanza nati ya juu

Pikapu yangu inashusha viazi kutoka Isyonje hadi Uyole, na masika huko juu kuna vijito huna namna ya kuvikwepa. Mwaka juzi ikaanza kuvuma nyuma. Ukikanyaga mafuta inalia uuuu, ukiachia inanyamaza. Nikasingizia tairi, maana zile za matope nazo zina kelele zake, nikabeba mizigo wiki tatu zaidi na uuuu yangu.

Gereji niliyoipeleka, kijana alijitosa chini ya gari na spana ya 24, akafungua nati ya chini ya difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma linalozungusha magurudumu. Oili ikashuka yote kwenye beseni, rangi yake chai ya maziwa kabisa. Hapo jua maji yameingia. Akahamia nati ya juu, ya kujazia. Imegoma. Akavisha spana bomba ili apate nguvu, kona za nati zikalika hadi ikawa duara. Gari halina oili, na pa kujazia hapafunguki! Nililala Uyole na viazi vya watu juu ya gari. Kesho yake mchomeleaji akaunganisha nati nyingine juu ya ile, ndipo ikakubali.

Kwa hiyo ya juu kwanza, kila mara. Ikigoma, angalau oili bado imo na unaweza kuendesha hadi kwa fundi mwingine.

Maji yalipitaje? Difu hupata moto ukipanda mlima na mzigo. Ukiitumbukiza kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta. Kipumulio cha juu, kitundu cha kupitisha hewa, kilikuwa kimezibwa na tope, basi ikavuta maji kupitia kwenye sili, zile raba za kuzuia oili isivuje. Sasa nimekiungia mpira mrefu hadi juu karibu na bodi, na kabla ya kijito naiacha gari ipoe kidogo.

Kupima hakuna ufundi mkubwa. Gari liwe mahali tambarare, ingiza kidole kwenye tundu la juu: oili iguse ukingo wa chini wa tundu. Nati ya chini ikiwa na sumaku, iangalie. Unga laini mweusi kama grisi ni kawaida. Vipande vya kushikika kwa vidole ni meno ya difu hayo.

Difu yangu inatumia oili ya 80W-90 (uzito wake) ya GL-5 (daraja lake). Giaboksi ya manyo (ya kubadili gia kwa mkono) ni habari nyingine: nyingi zinataka GL-4, kwa sababu baadhi ya oili za GL-5 zinakula ringi za shaba za kuingizia gia. Muuza duka atakwambia "tisini ni tisini tu". Msomee kitabu cha gari. Transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu ya mbele pia usizisahau, kama gari lako linavuta miguu yote minne.

Mimi namwaga kila kilomita 20,000, ila nikivuka maji ya kina nafungua siku ileile kutazama rangi.

Ile uuuu ilipungua tu, haikuisha. Beringi ya pinioni, ile gia ndogo inayoingiza mzunguko kwenye difu, ilikuwa imeshaliwa, nikanunua mpya mwezi uliofuata.