Mafuta ya mrihani: uliza kwanza ni ya aina gani

Watu wakijua kwamba natumia mafuta ya mrihani, swali lao huwa lile lile: yanatibu nini? Nami huuliza: mafuta yapi? Si ukaidi. Chupa mbili zinaweza kubeba jina moja, zikatoka kwenye mmea wa jina moja, na bado yaliyomo yakatofautiana kwa harufu, kwa matumizi na kwa hatari.

Tuelewane pia tunazungumzia nini. Siyo yale mafuta ambayo mtu huloweka majani ya mrihani kwenye mafuta ya nazi au ya mzeituni kisha akayachuja. Hayo ni mapole. Ninayoyasema hapa hutolewa kwa kupitisha mvuke kwenye majani na maua: mvuke hubeba harufu, hupozwa ukarudi kuwa maji, na mafuta huelea juu yake. Kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hazitoi hata kilo moja ya mafuta. Tone moja, basi, ni fungu zima la majani, na ndiyo maana vipimo vya mafuta haya huwa vya matone.

Sasa hilo la aina. Mrihani, ambao jina lake la kisayansi ni Ocimum basilicum, hutofautiana sana ndani yake kufuatana na mbegu. Kuna mrihani ambao mafuta yake yamejaa linaloli, kemikali ile ile inayoipa lavenda harufu yake. Ukiyanusa ni matamu, yana kitu cha maua. Kuna mwingine, ambao wauzaji huuita mrihani wa Komoro, ambao mafuta yake huwa na estragoli, kemikali nyingine, inayoweza kupita asilimia 70. Huu unanukia shamari waziwazi. Halafu wapo ndugu zake: mrihani mtakatifu wa Wahindi, yaani tulsi, ambao mara nyingi una eugenoli na hivyo hukukumbusha karafuu, na ule wenye kafuri nyingi, unaopanda puani kama dawa ya kuchua.

Mimi hununua wenye linaloli, na sababu ni moja. Estragoli kwa wingi imesababisha uvimbe wa saratani kwenye ini la panya katika majaribio ya maabara. Panya si mtu, na majani machache ya mrihani kwenye sufuria hayana uzito huo. Lakini kama kuna aina isiyo na mzigo huo, na ina harufu nzuri zaidi kwa pua yangu, sioni kwa nini nihangaike na nyingine. Tazama lebo: muuzaji makini huandika jina la Kilatini, nchi mmea ulikotoka, na mara nyingi herufi "ct." (kifupi cha "chemotype", yaani aina kwa kemikali zake) zikifuatwa na jina la kemikali inayotawala. Wengine hutoa na ripoti ya maabara ukiomba. Chupa iliyoandikwa "mafuta ya mrihani" tu, iache hapo hapo.

Ukitaka kujua kama yamechanganywa na mafuta ya kupikia, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uiache. Mafuta halisi hupaa yakaisha. Doa la grisi linalobaki linakuambia kuna kingine humo. Ila jaribio hili halikamati linaloli ya kiwandani iliyoongezwa, kwa hiyo lisikulevye.

Haya, yananisaidia nini? Kikubwa ni kichwa kilichochoka. Ile saa ya alasiri ambapo unasoma sentensi moja na haiingii, naweka tone kwenye kitambaa cha karatasi, nakiweka pembeni ya meza, basi. Siwezi kukuapia kwamba ni kemikali na si ile dakika ya kutulia na kuvuta pumzi. Huenda ni vyote viwili, na sina ugomvi na hilo. Kwenye kifaa cha kutawanya harufu matone matatu yananitosha, dirisha likiwa wazi, nusu saa kisha nazima. Wanaokiacha kikiwaka usiku kucha huamka na kichwa kinachogonga, kisha wanalaumu mrihani.

Pili ni mabega na shingo baada ya kukaa muda mrefu kwenye kompyuta. Hapa lazima uyachanganye na mafuta mengine: nazi, ufuta, alizeti, chochote ambacho ngozi yako inakipenda. Kwa mililita 30 za mafuta hayo, matone 6 ya mrihani yanakupa takriban asilimia moja. Mimi sivuki hapo. Nimesikia wengi wakisema "kidogo hakifanyi kazi" wakajipaka tupu kutoka kwenye chupa. Ngozi ikishaanza kuyakataa, inaweza kuyakataa maisha yote. Kabla ya yote jaribu mchanganyiko kwenye upande wa ndani wa kiwiko, usubiri siku nzima. Ukiona wekundu au mwasho, mafuta haya si yako.

Usiyadondoshe kwenye maji ya kuoga. Hayayeyuki, yanaelea na kukugusa yakiwa makali vile vile, na sehemu laini za mwili ndizo huumia kwanza.

Pua ikiziba, tone moja kwenye bakuli la maji ya moto, macho yamefumbwa, pumzi chache. Mwenye pumu asijaribu. Mtoto naye asiinamishwe juu ya bakuli la maji ya moto kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu mbu: ndiyo, harufu hii huwakera, tatizo ni kwamba inapaa upesi, na baada ya muda mfupi umebaki na ngozi yenye mafuta na mbu wale wale. Lala kwenye chandarua. Na kuhusu kuotesha nywele, nimeona maneno mengi na ushahidi kidogo mno. Kichwa kikisuguliwa vizuri kwa mafuta ya nazi peke yake kinapendeza tu.

Utasoma pia kwamba mrihani unaua bakteria. Kwenye kisahani cha maabara, kweli unaua aina kadhaa. Mwili si kisahani, na kiasi kinachohitajika kule ndani hakifikiwi kwa kunusa. Mwenye maambukizi aende akapimwe.

Na usiyanywe, hata kama anayekuuzia anayanywa mbele yako. Wajawazito na wanaonyonyesha wayaweke kando. Watoto wadogo vivyo hivyo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda azungumze kwanza na daktari wake, hasa kama mafuta ni ya aina yenye eugenoli nyingi. Mwenye paka naye asitawanye harufu hii kwenye chumba ambacho paka hana pa kutokea, kwa kuwa ini la paka halina uwezo mzuri wa kuchakata kemikali za namna hii.

Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, maana plastiki huliwa na mafuta haya, na kifuniko kirudi mara tu ukimaliza. Linaloli ikikutana na hewa hubadilika polepole kuwa vitu vinavyoamsha mzio, kwa hiyo mafuta yaliyozeeka ni hatari zaidi kwa ngozi kuliko mapya. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Nunua chupa ndogo.

Yakimwagika kwenye ngozi bila kuchanganywa, futa kwanza kwa mafuta ya kupikia ndipo uoshe kwa sabuni, kwani maji peke yake hayayatoi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hivi, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akiyameza, usimtapishe, maana yanaweza kuingia kwenye mapafu yakirudi juu. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe ili daktari aone kilichomo.