Daktari ameuliza habari za siku zako za furaha?

SWALI: Shikamoo Bibi Muuguzi. Nina miaka 29, nakaa Makorora hapa Tanga, nauza mitumba. Mwaka jana nililemewa hata kuoga nikashindwa. Daktari wa zahanati moja binafsi akasema ni sonona, akaniandikia dawa ya sonona peke yake. Haukupita muda nikawa silali, nasema ovyo, nikakopa kwenye vikoba nikanunua marobota ambayo hadi leo yamejaa sebuleni. Mama akanipeleka kwa mganga. Baadaye hospitali nyingine wakasema ni baipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu na kushuka chini kupita kiasi, sasa natumia dawa yake iitwayo kabamazepini. Tatizo, kila nikienda nakuta daktari mwingine, nasimulia upya. Jirani ananishauri nihamie kwa bingwa wa Dar es Salaam. Nitamjuaje daktari anayenifaa?
Mchuuzi, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu. Hayo marobota usiyaonee haya. Katika miaka yangu ya wodini nilikutana na watu waliouza mashamba ya urithi kwa wiki moja, wakirudi nyumbani wanacheka.

Shida ya baipola ni kwamba mtu huja hospitali akiwa chini. Akiwa juu anajiona mzima kuliko sisi sote, aje kufanya nini? Basi daktari huona nusu ya ugonjwa. Na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha mgonjwa huyo juu, kama ilivyokupata. Kwa hiyo mimi daktari nampima kwa maswali yake. Amekuuliza kama kuna kipindi ulilala masaa matatu ukaamka una nguvu za ajabu? Amekuuliza kama kuna ndugu aliyewahi kuugua hivyo? Amemgeukia uliyekuja naye akamwacha aseme? Nenda na mama. Ndiyo, huyo huyo wa mganga. Usigombane naye, maana yeye anakumbuka siku ambazo wewe huzikumbuki.

Kisha dawa. Wewe ni mwanamke wa miaka 29, na kabamazepini hupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango na za kijiti. Kama hakuna aliyekuuliza unatumia nini, lianzishe wewe. Wakitaka kukubadilishia kwenda dawa nyingine, sodiamu valproeti, uliza mara mbili, kwa sababu inaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni. Lithiamu ni dawa nzuri ya tangu zamani, lakini haitolewi kwa kukisia: damu hupimwa, kwa kawaida kiwango kiwe kati ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, na figo na tezi ya shingo huangaliwa pia. Atakayekupa bila kukwambia utapimwa wapi, huyo muage. Akufahamishe pia habari ya diklofenaki, vile vidonge vya maumivu vya duka la dawa, ambavyo hupandisha lithiamu mwilini, na ya kufunga Ramadhani kwa joto letu hili, kwani maji yakipungua mwilini lithiamu hupanda vilevile. Lakini usiache dawa unayotumia sasa kwa sababu ya haya niliyoandika! Nenda kwanza ukazungumze.

Dar es Salaam? Ukipata nauli nenda mara moja, upate maoni ya bingwa na barua ya kurudi nayo. Kuhudhuria kliniki ya kila mwezi umbali wa kilomita 350 hutaweza, na ukikosa kliniki moja umekosa na dawa. Anzia Bombo, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, ulizia huduma ya afya ya akili. Mkoa wetu una Lutindi pia, kule milimani Korogwe, hospitali ya Walutheri inayotunza wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Watu wa mjini huisahau.

Kuhusu kusimulia upya: anayebaki mahali pamoja mara nyingi ni muuguzi au tabibu, daktari huhamishwa. Mtafute huyo anayebaki, mjue kwa jina, muulize yule daktari uliyeelewana naye hukaa siku gani. Nunua daftari dogo. Kila asubuhi andika umelala masaa mangapi, umeamkaje, dawa umemeza au la. Ukikutana na daktari mgeni mpe ukurasa wa mwezi huo asome, ndipo muanze kuzungumza. Asiyetaka hata kuutupia jicho, omba upangiwe mwingine. Haki hiyo unayo, na si utovu wa adabu.

Usingizi ukikatika usiku mbili mfululizo na huhisi uchovu, usingoje tarehe ya kliniki. Na fikra za kujiua zikikujia, mwamshe mama mwende hospitali usiku huohuo.