Kuajiri mwanafunzi wa chuo: nani anagharamia nini?

Swali: Nina karakana ya kuchomelea hapa Kibuye, Kisumu. Nasikia Marekani serikali humlipia mwajiri sehemu ya mshahara wa mwanafunzi wa chuo. Naweza kumpata wa namna hiyo kutoka Kisumu National Polytechnic?

Jibu: Kwa namna hiyo, la. Hata huko Marekani, mpango huo wa tangu 1964 humwachia mfanyabiashara binafsi angalau nusu ya mshahara. Kwetu, pesa za kazi-na-masomo kwa kawaida huishia ndani ya chuo: maktaba, jikoni, shambani. Nafuu ya kodi kwa mwajiri ipo, ila ni ya kuchukua waliokwisha kuhitimu, tena uchukue wasiopungua 10 kwa miezi 6 hadi 12. Fundi mwenye mashine mbili aisahau.

Linalokufaa ni atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini yaliyo sehemu ya masomo yake. Peleka barua chuoni, idara husika, ukitaja kazi zenyewe: kukata vyuma, kuchomelea mageti, kupiga rangi. Mwanafunzi aje na barua ya chuo, daftari la kumbukumbu na uthibitisho wa bima. Bima uisome mwenyewe kabla hajashika grainda. Jicho likiingia cheche, daktari hangoji mlumbane na chuo. Nauli na chakula cha mchana ni makubaliano yenu. Kinachoharibu mara nyingi ni kumtuma chai na kufagia wiki nzima: daftari linabaki tupu, mhadhiri akija kukagua hana cha kutia sahihi, na mwaka ujao chuo hakikuletei mtu.

Ukitaka wa kukufanyia kazi jioni na Jumamosi kwa malipo, huyo ni mwajiriwa, si wa atachimenti. Tuseme mshahara ni KSh 8,000 kwa mwezi. Unamkata NSSF (akiba ya uzeeni) 480, SHIF (bima ya afya) 300 (asilimia 2.75 ingekuwa 220, lakini kiwango cha chini ni 300) na ushuru wa nyumba 120, anabaki na 7,100. Wewe unaongeza NSSF 480, nyumba 120 na ushuru wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) 50, jumla 8,650. PAYE, kodi ya mshahara, haimgusi. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na saa zipangwe kwa ratiba yake ya masomo, ukitaja wiki za mitihani tangu mwanzo.