Taa ya ufunguo inapepesa, gari inashika na kukata: pima haya kabla ya kununua kontrolboksi

Mkuu, umeeleza kwamba RAV4 yako ya 2004, ya ufunguo wa kuchomeka, asubuhi stata inazungusha vizuri, injini inashika sekunde moja au mbili kisha inakata, na taa nyekundu ya ulinzi kwenye dashibodi inaendelea kupepesa. Ukirudia-rudia inakubali, na mchana haina shida. Fundi amekwambia kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, ukatafute nyingine kwa wauza spea wa Gerezani, Dar.

Usitoe hela bado. Kontrolboksi inaweza kuharibika, ila kwa dalili hizo inakaa mwisho kabisa wa foleni, na nitakuonyesha kwa nini.

Kwanza ujue nini kinazungumza na nini. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu isiyotumia betri. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka mdomo wa swichi inarusha mawimbi ya kilohezi 125 au 134, chipu inapata nguvu kutokana na mawimbi hayo hayo na kujibu kwa namba yake. Jibu linapita kwenye kikuza mawimbi kidogo kilicho pale pale kwenye stelingi, linafika kwenye imobilaiza, yaani boksi ya kuzuia wizi, na imobilaiza ndiyo inayoiruhusu injini kuendelea. Ruhusa isipofika, Toyota nyingi za ufunguo wa kuchomeka zinakata mafuta na moto wa plagi, stata haiguswi. Ndiyo maana yako inazunguka. Mtu mwenye gari ya aina hii akisema stata iko kimya kabisa, hiyo ni hadithi ya stata, swichi au betri, asipoteze muda na imobilaiza. Za kubonyeza kitufe ni tofauti, zenyewe zinaweza kukataa hata kuzungusha.

Sasa taa. Ufunguo ukiwa nje, ipepese. Ukichomeka ufunguo uliosajiliwa, au ukifika ON, izime. Hapo namba imekubaliwa. Ikizima halafu injini bado inakata, hamia kwenye mafuta, plagi na sensa, imobilaiza imeshamaliza kazi yake. Ikiendelea kupepesa ukiwa ON, kama yako, namba haijasomwa au haijakubaliwa, na tatizo liko upande wa ufunguo, koili, kikuza mawimbi, umeme wake au ethi yake (waya wa kurudi hasi kupitia bodi). Isipowaka kamwe, hata gari ikiwa imefungwa, angalia kama gari ina imobilaiza kweli. Ulaya walilazimisha kifaa hiki kwenye magari mapya tangu Oktoba 1998, lakini gari nyingi zilizouzwa sokoni Japani miaka ya mwanzo ya 2000, ambazo ndizo zimejaa hapa Dar, zilitoka bila. Kuna watu wanalipia "kufuta imobilaiza" kwenye Toyota IST ambayo haijawahi kuwa nayo. Fungua kava ya plastiki ya stelingi, kama hakuna pete ya koili kwenye mdomo wa swichi, mjadala umekwisha.

Anza na vitu vya bure. Toa ufunguo kwenye mkufu wake, uwe peke yake. Pete nene ya chuma ikigusa kichwa cha ufunguo, au ufunguo wa gari nyingine wenye chipu ukining'inia pembeni, usomaji unavurugika. Kisha jaribu ufunguo wa pili kwa asubuhi kadhaa mfululizo, siyo mara moja. Wa pili ukifanya kazi kila siku, umeshajua mgonjwa ni nani.

Na hapa kuna jambo la kutazama kwa macho: je, ufunguo huo uliwahi kubadilishwa kava? Kava za rimoti zinazouzwa Kariakoo zinakuja tupu. Mtu anahamisha saketi ya rimoti na vibonyezo, anasahau chipu kwenye kava la zamani, au anaihamisha bila kuishika vizuri. Kwenye Toyota za umri huo chipu ni kipande cheusi, kigumu, kama sentimita moja na kidogo kwa urefu, kimekaa kwenye kijumba chake karibu na shina la ufunguo. Kikicheza ndani ya kava, leo kinakuwa karibu na koili, kesho kimekaa upande. Tikisa ufunguo sikioni, ukisikia kitu kinagonga, fungua. Kikiwa hakina ufa, kirudishe kwenye kijumba chake na ukishike kwa tone la silikoni. Usitumie gundi ile kali inayokauka ghafla, siku ya kukihamisha utakivunja. Na usibadilishe betri ya rimoti ukitegemea injini iwake. Betri ile ni ya milango tu.

Jambo jingine la bure: acha ufunguo kwenye swichi ukiwa umezima, fungua mlango wa dereva. Kwenye Toyota nyingi lazima kengele ilie kukukumbusha ufunguo. Ndani ya silinda kuna swichi ndogo inayoiambia gari kwamba ufunguo umeingia, na imobilaiza inaitumia hiyo hiyo kuamka. Kengele ikilia leo na kesho isilie, umepata kitu cha kufuatilia kabla hata ya kushika mita.

Baada ya hapo ndiyo mita. Betri iliyolala usiku kucha isome 12.4 V kwenda juu, 12.6 V ni iliyojaa. Halafu pima wakati wa kupiga stata, ikiwezekana kwa kitufe cha MIN kinachonasa volti za chini kabisa, kama mita yako inacho. Isishuke chini ya 9.6 V. Ikishuka hapo, injini inaweza kuzunguka na kukudanganya kwamba betri ni nzima, huku kikuza mawimbi na kontrolboksi vinazimika na kuwaka upya katikati ya mazungumzo yao. Asubuhi haikubali, mchana baada ya kuendeshwa inakubali: betri chovu inafanana sana na maelezo yako, kwa hiyo ipime alfajiri, kabla hujaiwasha hata mara moja. Kwa mtu aliyefika tu gereji saa sita mchana, kipimo hicho hakisemi chochote.

Ethi ndiyo ninayoomba usiiruke. Watu wengi wanaipima kwa omu, yaani ukinzani wa waya: mita inasoma 0.2, wanasema safi. Waya wenye nyuzi kumi na mbili uliobakiwa na uzi mmoja utasoma hivyo hivyo, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno. Pima kwa kushuka kwa volti, mzigo ukiwepo. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, siyo kwenye tamino (kibano cha waya). Ncha nyekundu ichome kwa nyuma ya soketi kwenye waya wa ethi wa kikuza mawimbi, soketi ikiwa imechomekwa na swichi ON. Isizidi 0.1 V. Rudia kwenye ethi za kontrolboksi. Halafu hamishia ncha nyekundu kwenye bloku ya injini na mtu apige stata: 0.2 V inavumilika, ikigonga 0.5 V waya mkuu wa hasi au bolti yake ina ugonjwa. Kwa hewa yetu yenye chumvi, bolti za ethi zinaota kutu chini ya kichwa pasipoonekana. Na gari iliyowahi kunyooshwa bodi, tafuta ethi iliyofungwa juu ya rangi mpya. Fungua, kwangua hadi chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Fyuzi nazo usizitazame tu kwa macho. Gusa kwa taa ya kupimia pande zote mbili za kila fyuzi, swichi ikiwa ON. Kwenye kifuniko tafuta zilizoandikwa ECU-B, EFI na IGN. Fyuzi nzima kwenye makucha yaliyolegea ni ugonjwa wa kawaida, ukiitikisa taa ya kupimia inapepea.

Kama umeme na ethi viko sawa, fungua kava ya stelingi, chomoa soketi ya pete ya koili na upime omu kwenye pini zake. Thamani inatofautiana kwa modeli. Unachotafuta ni njia iliyokatika, au namba inayorukaruka ukiminya pete na waya wake kwa kidole. Viunganishi vya risasi vyenye ufa hupitisha vikipata joto na kukataa vikipoa, na hiyo nayo inaingia kwenye "asubuhi haikubali". Habari njema ni kwamba koili na kikuza mawimbi kwenye Toyota nyingi havibebi namba za ufunguo. Unaweza kuazima cha gari inayofanana, ukachomeka na kujaribu, bila mashine yoyote ya kusajili.

Kuhusu kupima kwa mashine: kile kidude cha bei rahisi cha bluutuu kinasoma kodi (namba za hitilafu) za injini tu, kwa hiyo kukuta "hakuna kodi" hakumaanishi kitu. Taka skana inayoingia upande wa imobilaiza. Toyota zinatumia familia ya B279: B2793 inalalamikia chipu, B2794 na B2795 ni namba isiyolingana, B2796 ni kwamba hakuna mawasiliano na ufunguo, B2797 na B2798 ni mawasiliano yanayovurugika, B2799 ni mazungumzo kati ya imobilaiza na kontrolboksi. Ukipata B2796, rudi kwenye koili na ethi. Ukipata B2799, fuata nyaya kati ya boksi hizo mbili, kwenye mchoro mara nyingi pini zimeandikwa IMI na IMO upande wa kontrolboksi. Hasi ya betri ikiwa imetolewa, waya usome chini ya omu 1 toka mwisho hadi mwisho, na usiwe na njia kwenda kwenye bodi. Kwa wenye Nissan: P1610 ni gari kujifungia baada ya majaribio mengi yaliyofeli, P1614 ni upande wa ufunguo na antena, P1612 ni mawasiliano na kontrolboksi.

Ukiwa unatafuta kontrolboksi nyuma ya droo iliyo mbele ya abiria, pitisha mkono chini ya kapeti. Bomba la maji ya AC likiziba, maji yanarudi ndani upande huo huo. Kioo cha mbele kilichobadilishwa kwa gundi mbovu nacho kinavujisha kuelekea kwenye fyuzi. Na kama gari iliwahi kukutwa na mafuriko pale Jangwani, fungua kila soketi ya chini uangalie ukijani kwenye pini. Toa hasi ya betri, safisha kwa dawa ya kontakti na brashi laini, acha ikauke kabisa. Petroli hapana, inalegeza plastiki na mipira ya soketi.

Nimeacha makusudi hadi sasa alamu za kufungiwa mtaani na trakari (vifaa vya kufuatilia gari) za gari za mkopo, kwa sababu dalili zake ni nyingine: taa ya kiwandani inazima kama kawaida, ila pampu ya mafuta haisikiki ikivuma, au gari inazimika barabarani. Wanaozifunga wanakata waya wa pampu au wa stata na kuweka relei (swichi inayoendeshwa na umeme) katikati, mara nyingi chini ya dashibodi, nyaya zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Pima volti kati ya pini 30 na 87a za relei hiyo pampu ikiwa inafanya kazi. Zaidi ya 0.2 V, kontakti zimeungua. Relei ibadilishwe na maungio yachomewe risasi. Kama trakari ni ya aliyekukopesha, mpigie kwanza kabla ya kugusa, wengine wakiona imechomolewa wanaitafuta gari siku hiyo hiyo.

Ikifika mahali umeme, ethi, koili, ufunguo wa pili na nyaya vyote vimethibitishwa na bado inakataa, hapo kontrolboksi au boksi ya imobilaiza inaingia kwenye mashitaka. Lakini ya mtumba inakuja na kumbukumbu za funguo za gari ilikotoka. Ukiichomeka peke yake, gari itakataa kila siku badala ya asubuhi tu. Nunua seti: kontrolboksi, boksi ya imobilaiza kama iko pembeni, na ufunguo wake wenye chipu, na namba ya kwenye lebo ya kontrolboksi ilingane na yako hadi tarakimu ya mwisho. Au mpe kazi mtu wa kusajili, na akikuomba kadi ya gari usikasirike, huyo ndiye wa kumwamini. Kufuta imobilaiza kabisa sikushauri kwa gari ambayo shida yake inaweza kuwa bolti ya ethi, utabaki na shida na bila ulinzi.

Kesho alfajiri kabla ya kuwasha, andika vitu vinne: volti za betri iliyolala, volti wakati wa stata, kushuka kwa volti kwenye ethi ya kikuza mawimbi, na kama kengele ya mlango imelia. Ziweke hapa pamoja na kodi za skana, tutakwambia ufungue wapi.