Mtindo huru kwa mwenye kiuno kibovu: kwa wanaoanza Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukiisha, ufukwe wa Shangani mjini Mtwara hupata wageni wanaokuja wameshika viuno. Yuko aliyeinama kutwa shambani akiokota, yuko aliyepakia magunia ghalani, yuko dereva wa bodaboda aliyechoshwa na makorongo ya barabara za vijijini. Wote wameambiwa jambo moja: kaogelee, maji ni dawa ya mgongo. Ushauri wenyewe si mbaya, ila umekatika katikati, kwa sababu hawakuambiwa waogelee vipi. Ipo namna ya kuogelea inayolegeza kiuno na ipo inayokimaliza, na kwa mtu aliyekaa mchangani akitazama, zote mbili zinafanana. Ninayoisema hapa ni ya mtindo huru, yaani kuogelea kifudifudi ukitupa mkono mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya maji, hospitali. Ukiona ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, mguu unakosa nguvu, mkojo umeziba au haja inakutoka bila kujijua, nenda hospitali ya Ligula siku hiyohiyo, na aliyeko Lindi aende ya Sokoine. Usisubiri Jumatatu. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka kutoka mnazini au aliyepata ajali, na kwa maumivu yanayofuatana na homa au kukonda bila sababu. Ninaowaandikia hapa ni wale waliokwisha kupimwa wakaambiwa ni kiuno kilichokaza, au ni jeraha la zamani, na kwamba wanaruhusiwa kujinyoosha.

Wiki ya kwanza msiogelee. Tembeeni tu majini. Maji yakikufika kiunoni, uzito unaobebwa na miguu hupungua karibu nusu, na yakikufika shingoni hubaki kama sehemu moja ya kumi. Maji ya chumvi huinua mwili kuliko ya mtoni au ya bwawa. Nenda mbele, rudi kinyumenyume, tembea ubavu, maji yakiwa kifuani. Vijana huona aibu kufanya hivi mbele ya wenzao. Waone aibu, lakini watembee.

Sasa tuje kwenye kichwa, maana hapo ndipo kiuno kinapopona au kuharibika. Watu wa pwani wengi hatukufundishwa kuogelea na mtu. Tulijifunza kichwa kikiwa juu, macho mbele, tuone wimbi linakotoka na mtumbwi unaopita. Kwa mtoto mwenye mgongo mzima haina neno, na kwa usalama ina maana yake. Lakini mwili majini ni mtumbwi: omo, yaani mbele, ikiinuka, tezi, yaani nyuma, inazama. Kichwa kikipanda, nyonga na miguu vinashuka, na ili usizame unaanza kupiga miguu kwa nguvu huku kiuno kimejipinda kwa ndani. Pingili tano za kiunoni zinabanana kwa nyuma, na misuli inayozishikilia haipumziki hata dakika moja. Ukitoka hapo unasema bahari imekuumiza.

Jaribu mwenyewe. Mwenzako asimame karibu nawe, maji yakiwa kifuani. Vuta pumzi, jilaze kifudifudi, nyoosha mikono mbele, elea tu. Tazama mchanga ulio chini yako kabisa, usitazame mbele. Kisha inua uso kidogo uangalie mbele, na usikilize kiuno. Shusha tena, sikiliza. Huhitaji mwalimu akueleze zaidi. Shingo iwe ndefu, kidevu kisigandamizwe kifuani, na kifua kiegemee maji kidogo ili nyonga zipande zenyewe. Mtu asiyeweza kuelea hivi kwa utulivu hajafika kwenye mikono bado, hata kama ni hodari wa kupiga maji.

Ukishaelewa hilo, mengine mengi yanageuka kuwa swali moja: ni kitu gani kinanifanya niinue kichwa? Cha kwanza ni chumvi machoni. Miwani ya kuogelea, hata ya bei ndogo ilimradi haivujishi, ina faida kwa mgongo kuliko dawa nyingi za kuchua. Cha pili ni pumzi. Wanaoanza huibana pumzi ndani, kisha wanapoinuka wanataka kuitoa na kuvuta nyingine kwa mara moja, kwa hiyo wanabaki juu muda mrefu. Toa pumzi uso ukiwa ndani ya maji, polepole, kwa pua na mdomo, mapovu yaonekane. Ukigeuka, kazi ibaki moja tu ya kuvuta.

Na kugeuka ni kugeuka, si kuinuka. Jicho moja libaki ndani ya maji. Bega na nyonga viende pamoja. Wengi hugeuza mabega peke yake huku nyonga zimelala, na msokoto wote unaangukia kiunoni, sehemu ambayo haikuumbiwa kuzunguka. Kiuno kizima hugeuka digrii chache tu kila upande. Wenye uwezo mkubwa wa kugeuka ni kifua na nyonga. Kwa hiyo mkono ukiingia mbele, nyonga ya upande uleule ishuke nao. Mkono uingie sawasawa na bega, usivuke mstari wa kichwa, la sivyo mwili unajinyonganyonga na kiuno ndicho kinacholipa.

Kuvuta pumzi upande mmoja siku zote kunakaza mgongo upande mmoja. Vitabuni wanasema vuta kila mkono wa tatu, lakini anayeanza hukosa hewa, akaanza kuinua uso kwa hofu, na hapo tumerudi kulekule. Baharini kuna njia rahisi. Ogelea sambamba na ufukwe, na kila unapovuta pumzi geukia nchi kavu. Ukienda, ni kushoto. Ukirudi, ni kulia. Pande zinapokezana zenyewe, na juu ya hapo unaona minazi na nguo zako ulipoziacha, huna haja ya kutazama mbele ujue umefika wapi.

Miguu ifanye kazi kidogo. Uko msuli mkubwa unaoanzia kwenye pingili za kiunoni, unapita mbele ya nyonga na kushika paja. Kwa anayeshinda amekaa, kwenye pikipiki au kwenye cherehani, msuli huo umefupika, na kila teke kubwa unavuta pingili mbele. Teke moja dogo kwa kila mkono linatosha, goti likiwa legevu na kisigino kisitoke nje ya maji. Ubao wa kuelea unaoshikwa kwa mikono siupendi kwa wagonjwa wa kiuno, kwa sababu wanaoushika karibu wote huinua kichwa. Chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kimekazwa, ikibanwa katikati ya mapaja, inawafaa wale ambao miguu yao inazama. Msitumie dumu la lita tano. Linainua makalio mno, kiuno kinabonyea, na kazi yote imeharibika.

Kuogelea kichura, uso juu, wengi hudhani ni kwa upole kwa sababu ni polepole. Kwa kiuno kibovu ndiko kubaya zaidi, ukitoa mtindo wa kipepeo, ule wa kurusha mikono yote miwili kwa pamoja, na huo sijamwona mtu akiujaribu Shangani. Ukichoka, geuka chali uelee. Kina dada, kanga na dera vikilowa vinavuta miguu chini. Suruali ya kubana na blauzi ndefu ya kitambaa chepesi vinasitiri na haviwi mzigo.

Bahari nayo inaweza kukuinua kichwa hata kama hutaki. Maji yenye mawimbi mafupi ya upepo hayakuruhusu kulala. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, mchana si wakati wa mgonjwa wa kiuno. Nendeni asubuhi kabla upepo haujaamka, au mtafute mahali palipojikinga kama ndani ya ghuba ya Mikindani, mkikaa mbali na mlango wake maji yanapotoka. Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukimbia sana na yakipwa yanakuacha ukitembea juu ya mawe na majani yanayoteleza, na kuteleza ni adui wa kiuno kuliko kuogelea kwenyewe. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ndizo zenu. Ingieni maji yakikaribia kujaa. Saa hiyo husogea karibu dakika hamsini kila siku, kwa hiyo msikariri; waulizeni wavuvi. Wenzetu wa Lindi waangalie pia mto Lukuledi wakati wa mvua, maana unaingia ghubani na maji ya tope na magogo, na anayehofia gogo hashushi uso.

Usiingie peke yako, na usiende mahali usipoweza kusimama. Kiuno kikikaza ghafla, geuka chali, inua mkono, mwenzako akuvute. Asiyejua kuogelea kabisa ajifunze kwanza kwa mtu. Maelezo haya hayamtoshi.

Asubuhi ina jambo lake. Usiku diski zilizo kati ya pingili hufyonza maji na kuvimba kidogo, ndiyo maana unaamka mgongo mgumu. Saa ile ya kwanza usiiname kugusa vidole vya miguu, hata kama jirani yako anafanya hivyo na kuhesabu kwa sauti. Tembea hadi baharini, hiyo ndiyo kupasha mwili. Nyumbani jioni, lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu na kushusha. Kisha piga magoti na kushika sakafu, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Basi, hayahitaji mkeka wa dukani.

Acheni kabla ya kuchoka. Aliyechoka huinua kichwa bila kujua, na dakika tano za mwisho huharibu ishirini za mwanzo. Hukumu ya mazoezi isitolewe ufukweni, ambako kila mtu hujisikia vizuri, bali kesho yake ukiamka. Kiuno kikiwa vilevile au chepesi zaidi, ongeza kidogo. Kikiwa kigumu kuliko jana, rudi nyuma. Kama una maumivu yanayoshuka mguuni, angalia yanaelekea wapi: yakipanda kutoka kwenye shavu la mguu kuja pajani, kisha kiunoni, endelea hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kwa siku hizo, kwa kuwa hiyo huwa dalili njema. Yakishuka chini zaidi, toka majini na urudi kwa mtaalamu wa viungo kabla ya kuingia tena.