Ukipewa barua ya nidhamu chuoni, usikimbilie kuomba radhi

Wanafunzi wengi wa uuguzi ninaowajua waliofukuzwa vyuoni hapa Nairobi waliponzwa zaidi na barua waliyoiandika wenyewe, usiku ule walipotakiwa kujieleza, kuliko shutuma yenyewe. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo. Nikiwa mwaka wa tatu niliwahi kusimamishwa masomo, na wanaoijua habari yangu huwaelekeza wadogo zao kwangu. Karibu barua zote hizo huanza hivi: "Naomba radhi kwa usumbufu niliosababisha." Mwandishi hakuwa na nia ya kukiri chochote. Alikuwa anaonyesha adabu jinsi tulivyolelewa, kwamba mkubwa akikasirika unanyenyekea kwanza, maelezo yatakuja baadaye. Kamati ya nidhamu huyachukua maneno hayo kuwa ni kukiri. Yanaingia kwenye faili, na siku ya kikao mwenyekiti anayasoma kwa sauti: "Si wewe mwenyewe uliyeomba radhi?" Kuyafuta baada ya hapo ni kazi ngumu mno.

Mimi nilishutumiwa kughushi sahihi ya muuguzi msimamizi kwenye logibuku, kile kitabu tunachojaziwa taratibu tulizofanya wodini. Barua ilinifikia Ijumaa jioni, kikao kikiwa Jumatatu asubuhi. Ilisema tu kwamba nimefanya "udanganyifu katika mafunzo ya kliniki". Haikutaja ukurasa, wala tarehe, wala nani amelalamika. Binamu yangu, karani katika ofisi ya wakili mjini, aliniambia nisijibu shutuma nisiyoijua. Tuliandika barua fupi: naomba nielezwe ni sahihi ipi, ya tarehe gani, naomba nakala ya ushahidi, naomba kikao kiahirishwe ili nijiandae. Sekretari alikataa kuipigia muhuri nakala yangu, akasema niiache tu mezani. Nilimwambia kwa upole, "Mama, nitasubiri hapa," nikaketi kwenye benchi hadi akaipiga muhuri na kuandika tarehe. Muhuri ule ulinisaidia kuliko maneno yote niliyokuja kuyasema baadaye.

Kikao kiliahirishwa, na tarehe ya sahihi ikajulikana. Ilikuwa zamu ya usiku. Niliomba kamati ichukue orodha ya zamu ya wodi kwa mwezi ule. Msimamizi alipoitwa nilimuuliza swali moja: "Sista, usiku huo ulikuwa kazini?" Akaitazama orodha, akasema alikuwepo. Kisha akaangalia tena zile herufi mbili za jina lake na kukumbuka kwamba asubuhi ile, akikabidhi zamu, aliweka herufi hizo badala ya sahihi kamili. Nilirudishwa darasani. Hata hivyo, darasa letu lilikuwa limeshamaliza mzunguko wa wodi ya wazazi, ikabidi niufanye na walionifuata. Nataja hilo kwa sababu hata anayeshinda huumia, na kadiri unavyochelewa kutafuta msaada ndivyo unavyopoteza muda zaidi.

Haya yote yana msingi wa sheria. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika maamuzi ya kiutawala, na sheria ya 2015 iliyotungwa kutekeleza kifungu hicho inaeleza maana yake: kupewa notisi ya kutosha inayotaja shutuma na sababu zake, kuona ushahidi utakaotumika, kusikilizwa, kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi yako, kufika na mtaalamu uliyemchagua mwenyewe, na kuomba kikao kiahirishwe pale haki inapohitaji hivyo. Uamuzi ukishatolewa una haki ya kuomba sababu kwa maandishi. Wakishindwa kuzitoa, sheria inachukulia kwamba hapakuwa na sababu ya maana, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Na usikubali kuambiwa kwamba chuo cha binafsi hakiguswi. Sheria hiyo inawahusu pia wasio wa serikali ambao uamuzi wao unagusa haki za mtu.

Pamoja na hayo soma kanuni za chuo chako, kile kijitabu ulichotia sahihi siku ya kusajiliwa. Humo ndimo mna muda wa kukata rufaa, na mara nyingi ni siku chache sana. Nimeona kesi nzuri zikifa kwa sababu mtu alingoja hasira za prinsipali zipoe.

Kuna jambo moja linalowahusu wanafunzi wa uuguzi hasa, na ninaomba ulishike. Ukishutumiwa kwa jambo la wodini, labda dawa haikutolewa au ilitolewa kwa mgonjwa asiye wake, usiende kupiga picha faili ya mgonjwa kwa simu ili ujitetee. Najua hofu inavyosukuma. Unajua ukweli umo kwenye karatasi ile ya dawa na unaogopa itapotea. Lakini taarifa za afya ya mtu zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na usiri wa mgonjwa ni somo tunalofundishwa tangu wiki za mwanzo. Picha hiyo itakuwa shutuma ya pili, na hii ya pili utakuwa umeifanya kweli. Andika barua inayotaja wodi, tarehe, zamu na aina ya kumbukumbu unayoihitaji, uitake kamati iiombe hospitali. Usitaje jina la mgonjwa kwenye ujumbe wa simu, wala usilijadili suala hilo kwenye kundi la darasa la WhatsApp.

Shutuma zenye sura ya jinai ni jambo jingine. Dawa kupotea kabatini, cheti bandia, sahihi ya kughushi: haya yanaweza kufika kwa polisi, na utakachowaandikia kamati kinaweza kukufuata huko. Hapo usijibu hata mstari mmoja kabla ya kuonana na wakili. Ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba kinakupa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili.

Wakili utamlipaje na karo yenyewe inalipwa kwa shida? Kwanza, mara nyingi huhitaji wakili wa kesi nzima. Saa moja ya ushauri kabla ya kujibu barua ya kwanza ina faida kuliko mawakili watatu baada ya kufukuzwa. Pili, kuna msaada usiolipiwa. Kituo Cha Sheria kimewasaidia wasio na uwezo tangu 1973, na ofisi yake kuu iko hapa Nairobi. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwasaidia wanawake, na nakushauri uende kwao hasa ikiwa nyuma ya shutuma kuna mwalimu au msimamizi aliyekutaka kimapenzi ukakataa. Sheria ya 2016 pia ilianzisha Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kama chuo ni cha umma na kinakaa kimya, unaweza kulalamika bila malipo kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Na kabla ya kumpa mtu yeyote pesa, hakikisha kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu. Mahakama za Milimani hapa Nairobi hazikosi watu wenye suti na mikoba ambao si mawakili.

Ukienda kwa wakili, beba barua zote kwa mpangilio wa tarehe, kanuni za chuo, logibuku, risiti za karo, na ukurasa mmoja wenye mtiririko wa matukio bila lawama. Usimfiche lolote. Kama kuna sehemu ya shutuma iliyo kweli, aijue yeye kwanza kabla ya kamati.

Kuhusu mahakama nitasema wazi, maana wengi huja na matumaini makubwa. Majaji wetu hawapendi kukaa kwenye kiti cha mtahini. Ukifukuzwa kwa kufeli mitihani, mahakama haitakusahihishia karatasi. Njia yako ni kuomba kusahihishiwa upya na rufaa ya ndani. Mahakama huangalia utaratibu: ulipewa notisi? Ulisikilizwa? Mtu mmoja alikuwa mlalamishi na mwamuzi pia? Tena sheria inataka umalize kwanza njia za rufaa za chuoni, isipokuwa kuwe na sababu ya kipekee. Kwa hiyo kata rufaa ndani ya muda hata kama unaamini wamekwisha kuamua. Ukifika Mahakama Kuu, wakili anaweza kuomba amri ya muda ili uendelee na masomo kesi ikisikilizwa.

Waambie wazazi mapema. Mdogo wangu mmoja alitoka nyumbani Kayole kila asubuhi na sare kwenye begi, muhula karibu mzima, huku muda wa rufaa ukimpita. Mzazi akijua, atafute nauli na wakili. Asiende kumpigia prinsipali magoti, kwa sababu hayo nayo huandikwa kwenye faili kama kukiri kwa familia.

Na ukirudishwa, usitosheke na kuambiwa kwa mdomo. Dai barua inayosema shutuma imefutwa, uliza kwa maandishi kama namba yako ya indeksi, ile ya usajili wako wa mwanafunzi katika Baraza la Wauguzi, bado iko sawa, na mkubaliane jinsi saa za kliniki ulizokosa zitakavyofidiwa, wodi kwa wodi, kabla orodha ya mzunguko unaofuata haijabandikwa.