Umezoea ngalawa, unakwenda kupiga kafi ziwani Rotorua mwezi wa Julai

Ndugu yangu wa Mayungu, nimekuelewa. Umekulia kwenye ngalawa ya mzee wako, sasa unakwenda kusoma Nyuzilandi na timu ya huko imeshakuandika kwenye mbio za waka, mitumbwi ya Wamaori, katikati ya majira yao ya baridi. Unauliza ufanye mazoezi gani ya mikono, na kama uende na kafi lako.

Nilikaa Rotorua miaka miwili nikifanya kazi jikoni, hotelini, na nilishindana ziwani misimu miwili ya baridi. Mikono yako haina shida. Mtu aliyevuta jarife tangu ana miaka kumi na miwili hafundishwi mikono. Kitakachokushangaza ni maji.

Sisi kusi likivuma tunatoa masweta, tunasema kipupwe kimetuua, na huku bahari yenyewe bado iko kama nyuzi 25. Ziwa Rotorua mwezi wa Julai liko kama nyuzi 10. Siku yangu ya kwanza nilijitia ubaharia, nikaenda na fulana ya pamba na kaptula. Wenzangu wakaniangalia, wakanyamaza. Chombo kikapinduka mita mia hivi kutoka ufukweni. Wallahi, pumzi ilinitoka! Kifua kinavuta hewa chenyewe, haraka haraka, hukiamuru wewe, na mdomo ukiwa chini ya maji wakati ule, unavuta maji. Nilikuwa na jaketi okozi kwa sababu tu walikataa kunipakia bila hilo. Hali ile hupungua baada ya dakika moja au mbili. Basi dakika hiyo usiogelee, usipige kelele, shika chombo na upumue tu. Baada ya hapo nikataka kukaza kamba ya jaketi. Fundo ninalolifunga usiku wa giza huku mashua inayumba, lilinishinda. Vidole naviona, havinisikii. Una kama dakika kumi za mikono inayofanya kazi, kwa hiyo cha kufanya kifanye mapema.

Ndiyo maana nakwambia usijiandae kwa kukaa juu ya chombo peke yake, jiandae kwa kuanguka. Ukifika, waombe wakufundishe kukigeuza chombo kabla hawajakufundisha mwendo wa mbio. Wawili wanapanda kwenye tumbo la chombo, wanashika miti ya upande wa pili na kuvuta, mwingine anainua ama (lile tengo lao la kuelea ubavuni) kutoka chini, mwingine anazuia omo, yaani mbele ya chombo, na kuna anayekusanya makafi yasipeperuke. Kikisimama, mnafua maji kwa vikopo. Sisi tulilirudia zoezi hilo mpaka likachosha. Pia ingia majini kidogo kidogo siku kadhaa, dakika mbili tatu tu, na mtu amesimama kando. Mwili hujifunza, mara ya tano au ya sita ule mtweto wa mwanzo hupungua sana.

Jambo la pili litakusumbua kwa sababu ya uzoefu wako. Ngalawa ina matengo pande mbili, ukiegemea huku au kule inakusamehe. Waka (usicheke, hilo ndilo jina la chombo, na hakuna kinachowaka humo) ina ama moja tu, upande wa kushoto. Ukiegemea kulia ama inanyanyuka, mmekwisha. Na mwili wa mtu wa ngalawa unapenda kukimbilia upande wowote unaoinuka. Mimi ndiye niliyewapindua watu watano siku ile, na hawakunisahaulisha.

Mnakaa sita. Wa mbele anaweka mwendo, wa nyuma anashika usukani kwa kafi, na kila baada ya makafi kumi na mawili au zaidi mmoja anatoa ukelele, wote mnabadilisha upande. Hilo utalizoea kwa wiki moja.

Ziwani hakuna kupwa wala kujaa, kwa hiyo ile hesabu yako ya bamvua iache Malindi. Angalia upepo. Lile ziwa ni pana lakini halina kina, wastani ni mita kumi hivi, na upepo ukilipiga linatoa mawimbi mafupi yaliyobanana, siyo kama yale marefu ya kusi unayoyapanda na kushuka. Na mji mzima unanuka mayai viza kwa sababu ya chemchemi za moto. Pua itazoea.

Nguo: pamba usivae kabisa, ikilowa inakunyonya joto. Tafuta fulana za sufu mitumbani hapo sokoni kabla hujasafiri; kwa joto letu hazina mnunuzi, utazipata kwa bei ya bure. Juu yake koti jepesi la kuzuia upepo. Viatu vya mpira wa kuogelea nunua huko huko. Nguo kavu na chupa ya chai ya tangawizi mwachie mtu wa ufukweni, usiviache ndani ya gari lililofungwa na ufunguo uko mfukoni mwako ziwani. Yalinipata.

Kafi lako liache nyumbani. Ya kule ni mepesi, mpini umepinda kidogo kuelekea bapa na kichwani una kishikio cha kulala. Lako mwachie mzee.